Chakula cha friza kwenye maikrowevu: pasha ndani kwanza, rangi iwe baadaye

Kuku aliyekaangwa, akagandishwa, kisha akapashwa kwenye maikrowevu mara nyingi hutoka na ngozi iliyolegea na nyama isiyoeleweka: pembeni imekauka, katikati bado baridi. Watu huilaumu mashine. Mimi naona wanaionea. Maikrowevu hupasha vizuri sana, ila kukausha na kutia rangi hakujawahi kuwa kazi yake tangu Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon alipogundua mwaka 1945 kwamba mawimbi ya rada yanaweza kupasha chakula. Tatizo linaanza pale tunapotaka ifanye yote mawili kwa mpigo. Jikoni kwangu nayatenganisha: kwanza joto la ndani, halafu rangi ya nje, na katikati ya hayo kibarua kikubwa ni kuyafukuza maji.

Maji ndiyo kiini cha jambo lote. Rangi ya kahawia na harufu ile inayomfanya mtu ameze mate hutokana na protini na sukari kukutana kwenye joto kali, mmenyuko aliouelezea mkemia wa Ufaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Huanza kwenda kasi joto likikaribia nyuzi 140 za Selsiasi na kupanda zaidi. Sasa, sehemu yoyote ya chakula yenye majimaji haivuki nyuzi 100, kwa sababu joto lote linaishia kuyageuza maji kuwa mvuke. Kwenye oveni, hewa yenye nyuzi 200 inakausha uso wa chakula kwanza, na uso ukishakauka ndipo unapata nafasi ya kupanda joto na kubadilika rangi.

Kwenye maikrowevu mambo yamepinduka. Hewa iliyomo ndani haipashwi. Mawimbi yanaipita kama haipo, yanaingia kwenye chakula na kuzichezesha molekuli za maji. Joto linazaliwa humo humo ndani ya chakula. Mvuke unatoka nje, unakutana na uso uliopozwa na hewa baridi, na sehemu yake inageuka tena kuwa maji pale pale ulipotaka pakauke. Ndiyo maana kuongeza dakika hakusaidii. Ukizidisha muda utapata nyama ngumu kabla hujapata rangi.

Kuna la pili ambalo linawahusu hasa wanaotoa chakula friza. Barafu karibu haiyanyonyi mawimbi haya, lakini maji yanayanyonya kwa pupa. Kwa hiyo kipande kilichoganda kinapowekwa kwenye nguvu yote, pale panapoyeyuka kwanza, kwa kawaida kwenye pembe na kingo, pananyakua karibu nguvu yote na kuanza kuchemka, huku katikati pakiwa jiwe. Zaidi ya hapo, kuyeyusha barafu kunakula nishati nyingi kuliko watu wanavyodhani: kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunahitaji nishati ileile ya kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Na mawimbi yenyewe hayafiki mbali. Kwenye chakula chenye maji hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ndani ya sentimita chache za mwanzo, kwa hiyo katikati ya kipande kinene pasubiri joto litambae lenyewe kutoka pembeni. Hata uwe na mashine kubwa kiasi gani, joto haliwezi kuharakishwa huko.

Dawa yake ni subira. Mimi huanza na nguvu ya asilimia 30, nasimamisha, nageuza vipande, naviacha vitulie kidogo, narudia. Mashine nyingi zikiwekwa kwenye asilimia 30 hazipunguzi nguvu kwa kweli. Zinawaka kwa nguvu zote, zinazima, zinawaka tena, na utasikia mlio ukibadilika. Vipindi vya kuzima ndivyo vinavyolipa joto nafasi ya kusambaa. Baadaye, barafu ikishaisha, napandisha hadi asilimia 50 au 70. Nguvu yote naiacha kwa ajili ya supu na vitu vya kukoroga.

Maagizo ya muda kwenye pakiti yanaandikwa kwa mashine ya wati fulani, na mashine yako huenda si hiyo, hasa kama imezeeka. Kuna kipimo rahisi. Chukua lita 1 ya maji kwenye bakuli la kioo, pima joto lake, washa nguvu yote kwa sekunde 60, koroga, pima tena. Tofauti ya nyuzi zidisha kwa 70 na utapata wati za kweli, kwa kukadiria. Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 31, hizo ni wati 770. Kama pakiti inasema dakika 5 kwa wati 1000, sasa unajua kwamba dakika 5 hazitakutosha, na unajua sababu.

Kabla ya kuingiza chochote, kung'uta theluji iliyoshika juu ya chakula. Ni kazi ya sekunde chache na nashangaa jinsi watu wanavyoidharau. Zile chembe nyeupe zikiyeyuka zinakuwa maji ya juu ambayo hayakuwemo kwenye mapishi, yanalowesha chenga za mkate au unga uliofunika kipande, na ukishalowa hivyo hauokoleki kirahisi. Pia usikiyeyushe kwenye friji usiku kucha chakula kilichopakwa unga au chenga. Kitoe friza moja kwa moja. Friji ni kwa vipande vinene visivyo na koti: nyama ya kuoka, paja zima la kuku, kipande cha samaki.

Panga vipande kwa duara pembezoni mwa sahani, katikati pawe wazi, sehemu nene zikielekea nje na nyembamba ndani. Katikati ya sahani inayozunguka hapasogei, kwa hiyo kilichowekwa hapo kinabaki kwenye bahati yake. Chini tandika karatasi ya jikoni isiyotengenezwa kwa karatasi zilizotumika, maana hizo zinaweza kuwa na chembe za chuma na kushika moto. Bora zaidi ni kitako chenye mifereji kilichotengenezwa kwa ajili ya maikrowevu, kinachoinua chakula kisilalie majimaji yake. Kufunika? Wali na mchuzi, ndiyo. Chochote unachotaka kiwe kikavu, hapana kabisa.

Sasa rangi. Chakula kikishapata moto ndani, kikaushe uso kwa karatasi, kiache dakika 2 au 3 kimalize kutoa mvuke, halafu kihamishe kwenye joto la aina nyingine. Chaguo langu la kwanza ni kikaango kizito kilichokwisha kupata moto, na mafuta kidogo tu. Vyakula vingi vya aina hii vilishakaangwa kiwandani au nyumbani, kwa hiyo vina mafuta yao. Unachohitaji ni kuigusisha ngozi na chuma cha moto mpaka ichachatike. Dakika moja au mbili kila upande zinatosha, kwa sababu ndani pameshapashwa. Grili na kikaangio cha hewa vinafanya kazi hiyo hiyo, tena vinafikia mikunjo ambayo kikaango hakiifikii, mradi umeviwasha mapema. Ukikiweka chakula cha moto kwenye oveni baridi, unakikausha polepole na rangi inachelewa.

Kwa asiyetaka kuchafua chombo cha pili, au aliye mahali pasipo na jiko, kuna sahani maalumu za kukaangia ndani ya maikrowevu. Ninazipenda kuliko inavyostahili, lazima niseme. Kitako chake kina tabaka la oksidi ya bati, au mpira uliochanganywa na feriti (kauri yenye chuma na sifa ya sumaku), ambavyo vinanyonya mawimbi na kuyageuza kuwa joto. Unaiingiza ikiwa tupu, unaiwasha kwa dakika zilizotajwa kwenye maelezo yake, inapata moto mkali kuliko maji yanavyoweza kufika, ndipo unapoweka chakula na kukikandamiza kiguse vizuri. Feriti ina uzuri wake: ikivuka kiwango fulani cha joto inapoteza usumaku wake na kupunguza kunyonya, hivyo inajizuia yenyewe isizidi mno.

Siri ya sahani hizi ni kwamba upande wa kwanza ndio unaopata rangi nzuri, kwa kuwa chakula kinaipoza sahani mara tu kinapoigusa. Anza na upande utakaoonekana mezani. Usijaze, vipande vingi vinatoa mvuke mwingi na sahani inapoa. Ukitaka kupika mzunguko wa pili, futa majimaji na uipashe tena ikiwa tupu kwanza. Na tafadhali, karatasi na plastiki visiiguse, wala usiitue juu ya meza bila kitu cha kukinga. Watu wamezoea kwamba vyombo vya maikrowevu havichomi sana mkono. Hii inachoma.

Jamaa yake wa mara moja tu ni ile karatasi ya kijivu inayong'aa ndani ya pakiti za piza na bisi. Ni utando wa aluminiamu mwembamba mno uliowekwa juu ya plastiki ya poliesta na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Mawimbi yanazalisha mkondo wa umeme kwenye utando huo, nao unapata moto wa nyuzi 200 na zaidi ndani ya muda mfupi. Joto likizidi, poliesta inajikunja na utando unapasuka vipande vipande, mkondo unakatika. Hicho ni kinga, na ndiyo sababu karatasi iliyokwisha kutumika haina maana kuitunza kwa ajili ya kesho. Inafanya kazi pale tu chakula kinapoigusa. Ukiinua piza uweke kwenye sahani yako nzuri ya kaure, umeitupa sehemu iliyokuwa ikaushe kitako chake. Fuata maelezo ya pakiti kuhusu namna ya kuiweka: nyingine hukaa moja kwa moja juu ya kioo, nyingine sanduku lenyewe hukunjwa likawa meza.

Wapo wanaopaka paprika, sosi ya soya au siagi yenye sukari kidogo ili kipande kionekane kimeiva rangi. Sina ugomvi nao. Kwa nyama ya mchuzi inapendeza. Ila hiyo ni rangi ya kupaka. Ukitafuna utakutana na ulaini uleule.

Jambo moja silifanyii mzaha. Chakula kuwa na koti la dhahabu kwenye pakiti hakumaanishi kimeiva. Baadhi ya vipande vya kuku vilivyojazwa au kupakwa chenga huzamishwa kwenye mafuta kwa muda mfupi kiwandani ili koti lishike tu, na nyama ya ndani bado ni mbichi. Nje vinafanana kabisa na vilivyoiva, na vimewahi kuwaletea watu maambukizi ya salmonela. Soma pakiti yote. Ikisema kibichi, au kama haitaji maikrowevu popote, kipeleke kwenye oveni na usijaribu ujanja wowote niliouandika hapa. Kwa vilivyoiva tayari, Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka joto la ndani lifike nyuzi 74. Choma kipimajoto sehemu kadhaa, siyo moja, maana mashine hii haigawi joto sawasawa. Fanya hivyo baada ya chakula kutulia, na usikiache kipimajoto cha chuma ndani mashine ikiwaka. Tena, ukishakiyeyusha chakula kwa maikrowevu, endelea nacho papo hapo. Sehemu zake zimeshakuwa vuguvugu, na bakteria hawakusubiri ukamilishe simu yako.

Si kila kitu kinastahili mbinu hii. Chipsi, kwa mfano, nimeacha kuzipitisha kwenye maikrowevu: ni nyembamba, ndani hakuna cha kuhangaikia, na faida yote iko nje. Zitoke friza ziende kwenye oveni au kikaangio cha hewa. Mkate unahitaji sekunde chache tu ukiwa umefungwa kwenye karatasi kavu, kisha kwenye tosta, na uliwe ukiwa moto. Wanga wake ukipashwa kupita kiasi hukakamaa mara unapopoa. Kwenye mabawa ya kuku, ncha nyembamba huungua mapema, na unaweza kuzifunika kwa kipande kidogo cha foili kilicholainishwa, kisichogusa ukuta wa mashine, ikiwa tu kitabu cha mashine yako kinaruhusu foili.

Pai ndizo zinazonisumbua zaidi. Ujazo wake una maji na chumvi, unapata moto haraka kuliko unga unaouzunguka, na mvuke unalowesha kifuniko kutoka chini. Mimi huipasha kwa nguvu ndogo mpaka ujazo uwe umeyeyuka na kupata uvuguvugu tu, natoboa tundu juu kama halipo, kisha oveni yenye nyuzi 200 inamaliza kupasha na kukausha kwa pamoja. Muda unaookolewa ni mdogo kuliko kwa kuku. Kama ujazo ni wa jemu, subiri kidogo kabla ya kung'ata: ganda likiwa vuguvugu tu, jemu ya ndani inaweza kuwa inakaribia kuchemka.