Kona ya Ngumi: Kilo 72, nani baba lao?

SWALI: Kaka habari za kazi. Hapa kijiweni kwetu Morogoro hatuongei vizuri tangu Jumapili. Jamaa yangu kashikilia kwamba bondia bora wa muda wote uzito wa kati ni Sugar Ray Robinson na hataki kusikia jina lingine, mi nasema Marvin Hagler. Tumewekeana kreti ya soda na tumekubaliana utakachosema wewe ndo hicho hicho. Tupangie watano na usituyumbishe. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Wadogo zangu, kabla sijawapangia tuelewane kitu kimoja kwanza, maana ugomvi wenu wote unatokea hapo. Mnabishania bondia bora au mnabishania bondia bora wa kilo 72? Hayo ni maswali mawili. Ukiniuliza bora wa uzito wote, wa enzi zote, nakupa Robinson na chai naenda kunywa. Lakini we umeniuliza uzito wa kati, pauni 160, yani kilo 72 na nusu hivi, basi nahesabu alichofanya mtu akiwa kwenye mizani hiyo tu, aliyoyafanya kwingine abaki nayo huko huko.

Sasa Robinson miaka yake mitamu kabisa aliimalizia kwenye kilo 66. Alipopanda alimchakaza Jake LaMotta Februari 1951 mpaka refa akaingilia raundi ya 13, akawa bingwa, hapo sawa. Miezi mitano tu baadae yuko London, Randy Turpin kamvua mkanda kwa pointi. Septemba akaurudisha kule New York, jicho limechanika damu inamwagika na yeye anajua wakati wowote pambano linasimamishwa, akamwagia Turpin makonde raundi ya 10 mpaka refa akaona inatosha. Akastaafu 1952 akauacha, 1955 akarudi akauchukua tena kwa Bobo Olson. Alafu Gene Fullmer akamvua, akarudisha. Basilio akamvua, akarudisha. Paul Pender akamvua 1960 na safari hii haukurudi. Bingwa mara tano wa uzito mmoja, watu wanaisifia hiyo rekodi na ni kweli ya kusifiwa, ila we jiulize, ili uwe bingwa mara tano si lazima uwe umeupoteza mara nne?

Pamoja na hayo kuna konde moja lile la Mei 1, 1957 Chicago, kama hujaliona katafute. Gene Fullmer alikuwa hajawahi kulala maisha yake yote, mtu kichwa kama jiwe la kusagia, anakuja mbele tu. Robinson anarudi nyuma, miguu bado inatembea, kushoto inatoka kama vile hajaitupa, Fullmer chini, raundi ya 5. Robinson alikuwa amebakiza siku 2 kutimiza miaka 36! Kwa konde hilo peke yake namweka namba 3.

Hagler wako ni namba 2, na nakuambia hivyo moyo unaniuma maana huyu ndo bondia wangu. Mwaka 1979 walimpa sare na Vito Antuofermo, wengi waliona kashinda, akarudi kupanga foleni. 1980 akaenda Wembley kumfuata Alan Minter kwao, raundi 3 uso wa Minter umechanika kila sehemu, refa kasimamisha, mashabiki wakaanza kurusha chupa ulingoni, bingwa mpya ikabidi afunikwe na watu wa kona yake akatolewa mbio bila hata kuvalishwa mkanda. Baada ya hapo akautetea mara 12. Ile na Thomas Hearns Aprili 1985 kila mtu anaijua, raundi 3 tu lakini mtu mwingine anapigana miaka kumi hapati dakika nane kama zile. Hearns mkono wa kulia ulivunjika raundi ya kwanza, kwenye kichwa cha Hagler.

Sasa mbona sio namba 1? Aprili 1987 na Sugar Ray Leonard, sio Robinson, huyu ni mwingine. Najua mnasema aliibiwa, na mimi kuna siku nasema hivyo hivyo. Lakini Hagler mkali wake ni kusimama kushoto, yani mkono wa kulia unatangulia mbele, akaenda kuanza raundi za mwanzo amesimama kulia, akampa raundi za bure mtu ambaye pambano zito la mwisho hata tumelisahau. Majaji wakagawanyika, wawili wakampa Leonard. Pambano la raundi 12 huwezi kugawa raundi kama njugu alafu ulalamike.

Namba 1 ni Carlos Monzon wa Argentina. Ndio, huyo huyo, na najua wengi hapo kijiweni hamjawahi kumtazama. Novemba 1970 Roma, Nino Benvenuti ndo bingwa na yuko nyumbani, Monzon hajulikani. Raundi ya 12 anamsukumia kwenye kona, mkono wa kulia mmoja umenyooka, Benvenuti anaporomoka pale pale. Kuanzia siku hiyo mpaka anastaafu 1977 hakuna aliyemvua ulingoni, katetea mara 14. Na ukiangalia kushindwa kwake kwa mwisho ni 1964! Miaka 13 hajapoteza. Mrefu, jabu, yani ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, kama fimbo ya mchungaji, hana haraka, hana mbwembwe, anakuchosha tu taratibu mpaka unajuta kusaini.

Kitu kilichonifanya nimpandishe juu ya Hagler ni hiki. Majina makubwa ya Hagler, yani Duran, Hearns, Leonard, wote ni watu waliopanda kutoka chini. Monzon naye alimpiga Napoles aliyetoka kilo za chini, hiyo simhesabii sana. Ila Rodrigo Valdez wa Colombia alikuwa mtu wa kilo 72 haswa, ana mkanda wa WBC, moja ya mashirika ya ngumi yanayotoa mikanda ya dunia, ambao Monzon alipokonywa mezani sio ulingoni, na ana mikono mizito. Monzon kampiga 1976, kamrudia 1977 na pambano hilo la mwisho alilambishwa sakafu raundi ya 2, akanyanyuka, akashinda kwa pointi, akatundika glovu.

Mtaniambia kuhusu maisha yake. Kweli kabisa, mwaka 1988 alimuua mkewe Alicia Muñiz, akafungwa, akafa kwa ajali ya gari Januari 1995 akiwa anarudi gerezani kutoka ruhusa. Kama mnapanga watu wema huyu hata kwenye mia hayumo. Mimi nimeulizwa ngumi.

Namba 4 Harry Greb. Huyu ni tabu kumpanga kwasababu hakuna hata filamu moja ya pambano lake iliyobaki, tunasoma tu. Alipigana karibu mara 300, jicho moja halioni, na ndo mtu pekee aliyewahi kumpiga Gene Tunney, yule aliyekuja kumvua Jack Dempsey mkanda wa uzito wa juu. Ila huyo Tunney, Greb alimpigia nje ya kilo zetu hizi, kwahiyo kwa sheria yangu hiyo siihesabu, nahesabu kama vile kumzuia Mickey Walker asimvue mkanda 1925. Wazee wa Marekani wengi wanamweka kileleni, sawa, wao walisimuliwa na walioona. Namba 5 Bernard Hopkins, katetea mara 20, na alivyomtoa roho Felix Trinidad taratibu 2001 mpaka raundi ya 12 ni darasa tosha.

SWALI: Mbona Waafrika hamtuweki kwenye hizi listi? John Mugabi wa Uganda hapo jirani vipi? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Mugabi nampenda ila hakuwahi kuwa bingwa wa kilo 72, mkanda wake aliupata baadae kwenye uzito wa chini yake. Alichofanya ni kumzeesha Hagler. Machi 1986 Las Vegas, Mugabi kaja hajapoteza na kila aliyekutana nae hajamaliza pambano, wakagongana mpaka jicho la Hagler likavimba. Raundi ya 11 Mugabi akaishia kukaa chini karibu na kamba anahesabiwa, kachoka kabisa hawezi tena. Hagler baada ya usiku ule hakuwa yule yule, na mi naamini Leonard alikuwa anatazama akasema ah, kumbe sasa anafaa.

Mwafrika wa kilo 72 ni Dick Tiger wa Nigeria. Alimvua Fullmer Oktoba 1962, na mwaka uliofuata akamleta Ibadan, mbele ya watu wake, kona ya Fullmer ikajitoa baada ya raundi 7. Akapoteza, akaurudisha 1965. Namweka namba 7 au 8, na mtu akimweka 6 sigombani nae.

SWALI: Golovkin nae katetea mara 20 kama Hopkins, mbona humtaji? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwasababu siku hizi mikanda iko minne na kupima uzito ni jana yake, mtu anapima 72 anaingia ulingoni na zaidi ya hapo. Namheshimu, yumo kwenye kumi, ila mkanda wake ulianza ukiwa mmoja kati ya mingi.

Na nyie wa Morogoro, wote wawili mmekosa, kreti mnanunua nusu kwa nusu. Mimi nakunywa Stoni.