Ndege hii, chozi hili

SWALI: Kitabu cha mwanangu kimeandika chini ya picha: "Ndege hii ni chozi mdogo. Inaishi Kuba na inakunywa mbochi." Lakini aliye pichani ni mvumaji (kwa Kiingereza hummingbird), anayekunywa mbochi, yaani maji matamu ya ua. Je, mvumaji ndiye chozi (sunbird)?

JIBU: Siye. Chozi ni wa Afrika, Asia na Australia. Mvumaji haishi popote nje ya Amerika. Kwa nasaba chozi yuko karibu na shomoro, mvumaji yuko karibu na teleka (swift). Chozi kwa kawaida hutua kwenye kikonyo cha ua ndipo anyonye. Mvumaji hunyonya akiwa amesimama hewani, kisha hurudi kinyumenyume. Jina lake latokana na kuvuma kwa mabawa.

Hilo limekwisha. Kosa linaloudhi zaidi umelipita bila kuliuliza: "ndege hii... inaishi... inakunywa". Neno ndege lilikuwa la kiumbe kabla eropleni haijaliazima, na tangu hapo upatanisho wa kisarufi (huyu au hii, ana au ina) ndio unaotutenganishia viwili hivyo. Ndege huyu ameruka: ana manyoya. Ndege hii imeruka: ina abiria. Ukiufuta upatanisho huo, msomaji mtoto hana tena cha kumwongoza. Chozi naye ni vilevile: chozi huyu ananyonya ua, chozi hili linatiririka shavuni. Hakuna anayekosea hapo, kwa nini tukosee kwa ndege?

Mtazame huyo wa Kuba, mvumaji-nyuki, ndege mdogo kuliko wote duniani. Dume ana urefu wa sentimita 5 hadi 6 na hafikishi gramu 2. Msimu wa kuzaliana kichwa na koo lake huwaka wekundu wa kaa la moto. Jike humzidi ukubwa kidogo, kijani mgongoni, kijivu cheupe tumboni. Hujenga peke yake kiota cha umbo la kikombe, upana wa sentimita 3 hivi, akikifunga kwa utando wa buibui, hutaga mayai 2 kama punje za njegere, hulea bila msaada wa dume. Kiumbe anayefanya yote hayo anaitwaje "hii"? Wanaotetea "ndege hii" husema umbo la neno ni la ngeli ya I-ZI. Simba na nyoka wana umbo hilohilo, na hakuna asemaye "simba hii imenguruma".

Mwanao asahihishe kwa kalamu: "Ndege huyu ni mvumaji-nyuki. Anaishi Kuba na anakunywa mbochi."