Malipo ya fundi wa nyumba ya Mkomani

Dada yangu, umeuliza iwapo umpe fundi nusu ya malipo kabla hajaanza kukarabati nyumba uliyoinunua Mkomani, Lamu, ili uipangishe, ilhali wewe unaishi Nairobi. Nakusihi usimpe. Vifaa mtume mtu unayemwamini avilipie dukani na kuchukua risiti, kisha ufundi ulipe kwa hatua zinazoonekana: boriti zikishapangwa, lipa, lipu ikishakauka, lipa, na sehemu ya kumi uibakishe mpaka mvua za masika zipite juu ya paa. Masharti hayo yaandikwe na kutiwa saini mbele ya shahidi.

Kwa kuwa Mkomani ni mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, ambao umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, tafuta kwanza idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Na fundi akikwambia saruji inatosha badala ya chokaa, mkatalie kabisa, kwani ukuta wa mawe ya matumbawe sharti upumue, yaani unyevu wake upate kutoka. Mimi nimebandua kwa mkono wangu lipu ya saruji iliyokuwa ikitoka vipande vizima, na nyuma yake jiwe limelowa, chumvi imetanda kama unga. Mwenye nyumba ile alikuwa ameshalipa yote.