Kabla ya Kununua Treni ya Modeli, Jenga Stesheni Kwanza

Wiki iliyopita niliweka picha moja kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Korogwe. Stesheni, ghala la mabati yaliyoshika kutu, mama anauza machungwa, nyuma milima ya Usambara. Sikuandika neno lolote. Haikuchukua muda watu wakaanza kubishana. Mmoja akasema hiyo ni miaka ya themanini, mwingine akakataa katakata kwa sababu ule mti wa pembeni ulikatwa mapema zaidi. Mjomba mmoja aliyehamia Mwanza akaapa kwamba amewahi kulala kwenye lile ghala, treni imechelewa na mvua inanyesha. Nikawaacha wabishane mpaka usiku, ndipo nikatuma picha ya pili: stesheni ile ile, na nyuma ya paa kimesimama kikombe changu cha chai, kirefu kuliko jengo lote.

Nilijivuna, na bado najivuna. Kazi ile nimeifanya kwenye chumba ambacho mke wangu alikuwa amekipangia cherehani yake, kwa hiyo kila sifa ninayopata nimeilipia.

Kilichonikalisha niandike ni meseji zilizofuata. Karibu zote zinauliza kitu kimoja: "Kaka, hiyo treni umenunua wapi, na bei gani?" Treni! Kwenye picha zile hapakuwa na treni hata moja. Palikuwa na reli tupu na mbwa amelala katikati yake.

Basi nawajibu wote kwa pamoja, kwa sababu najua mnataka kile kile ninachokitaka mimi: meza ambayo mtu akiinama kuitazama anasikia harufu ya nyumbani. Hicho hakiji ndani ya boksi la treni. Nimewaona vijana hapa Dar wanaagiza seti nzima kutoka Ulaya, vibanda vya paa lenye theluji, misonobari, kichwa cha treni kinachowaka taa. Kinazunguka sebuleni jioni ya kwanza, jioni ya pili, kisha kinarudi kwenye boksi na boksi linapanda juu ya kabati. Hakina pa kwenda, kitaendaje?

Anza na mahali. Chagua stesheni unayoijua, ambayo umewahi kukaa ukisubiri mtu. Mimi ni mtoto wa reli ya Tanga, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka bandarini mwaka 1893, ikapita Muheza na Korogwe hadi ikafika Moshi. Wewe inaweza kuwa Tabora, Voi, Kigoma au Mtito Andei. Usichague Uswisi kwa sababu umeiona kwenye video.

Sasa hesabu, nitaipitia haraka maana inachosha. Modeli nyingi zinazouzwa duniani ni za skeli ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, inayoitwa H0, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha mara 87 unapata kama milimita 1,435, ambao ndio upana wa SGR. Kwa hiyo anayetaka kujenga SGR ya Dar hadi Dodoma ana bahati, reli za dukani zinamtosha. Sisi wa reli ya zamani, ya mita moja, tunahitaji milimita 12 hivi. Peco wa Uingereza na Tillig wa Ujerumani wanatengeneza reli za upana huo. Na kuna uchochoro: treni za skeli ndogo ya TT, 1:120, nazo hutembea kwenye milimita 12. Unanunua kichwa cha TT kilichotumika, unavua bodi, unabaki na mota na magurudumu, halafu unajenga bodi yako mwenyewe juu yake kwa plastiki au kadibodi ngumu. Hayo ya bodi nitayaandika siku nyingine.

Ubao wangu ni plaiwudi ya futi 8 kwa 4 iliyopasuliwa katikati kwa urefu, nusu yake ndiyo meza, nayo imekatwa vipande viwili vinavyoungwa kwa bolti. Urefu huo kwa skeli ya 1:87 ni kama mita 212 tu za ardhi halisi. Treni ya abiria ya kweli ingeumaliza ubao wote ikiwa imesimama. Usilie. Weka mabehewa matatu, fupisha jukwaa la abiria, bakiza nyumba mbili za wafanyakazi kati ya kumi. Jicho linasamehe urefu. Rangi ya udongo halisamehi kabisa, na hapa ndipo nataka tukae.

Udongo wangu umetoka Korogwe kwenyewe. Niliufunga kwenye mfuko wa sandarusi nikapanda nao basi, na kondakta alipotaka kujua ni mzigo gani nikamwambia ni udongo, akanitazama kwa muda, akasogea kiti cha nyuma. Ukishaupata, ukaange kwenye sufuria usiyoitumia kwa chakula mpaka ukauke kabisa, na kama kuna wadudu wafe. Upepete kwa chujio la chai. Kisha chukua sumaku, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya udongo taratibu. Utashangaa: inatoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma. Hizo ukiziacha mezani, siku moja zitavutwa na mota ya treni yako na kuiua. Vua mfuko kutoka kwenye sumaku, chembe zote zinaanguka, rudia mpaka sumaku itoke safi. Halafu paka gundi nyeupe ya mbao kwenye ubao, nyunyiza udongo juu, na ukikauka nyunyizia tena gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni maji yanakaa juu kama shanga, hayazami.

Kokoto za relini ni hivyo hivyo, ila tumia mchanga wa ujenzi uliopepetwa mara mbili. Kokoto ya kweli ya sentimita tano inakuwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Watu wengi wanaweka mawe makubwa mno, reli inaonekana imejengwa juu ya matikiti. Na kumbuka mataruma ya reli zetu mengi ni ya chuma. Reli za dukani nyingi zinakuja na mataruma ya plastiki yenye sura ya mbao, kwa hiyo yapake rangi ya kutu, si ya mbao.

Mabati yalinipa raha kuliko kitu chochote. Bati la migongo la kweli lina kama milimita 76 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, yaani chini kidogo ya milimita moja kwenye meza. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue bolti ndefu ya M5. Meno yake yameachana milimita 0.8, karibu kabisa na tunachotaka. Kata kipande cha sinia la foili, lile zito la kufungia chakula cha kubeba, ulilaze juu ya kadi laini, kisha uviringishe bolti juu yake huku ukikandamiza kwa viganja. Inatoka bati. Ukilitazama kwa karibu utaona migongo imekwenda upande kidogo, kwa sababu meno ya bolti nayo yamelala. Kwa hiyo unapokata, fuata mistari ya migongo, usifuate ukingo wa foili. Kata vipande vidogo vya ukubwa wa bati moja moja, vibandike kimoja kikilalia kingine kuanzia chini ya paa kwenda juu, kama fundi anavyofanya. Bati moja lipake kutu nyingi, jirani yake kidogo, la tatu liache jipya liking'aa, maana hakuna paa la stesheni ambalo halijawahi kuzibwa kiraka.

Nyasi nimetengeneza kwa katani. Unakata nyuzi fupi za milimita nne au tano, unachovya ncha kwenye gundi, unasimamisha kishungi kimoja kimoja. Kazi ya kuchosha mgongo, lakini katani isiyopakwa rangi ndiyo rangi ya nyasi za Korogwe mwezi wa tisa. Na nyuma ya stesheni kuna shamba la mkonge. Kila mche ni karatasi ngumu ya kijani kibichi chenye kijivu, imekatwa kama nyota, nyota tatu moja juu ya nyingine, ncha zimekunjwa juu, kimo sentimita moja na nusu. Umepandwa mistari miwili miwili kama mashamba yenyewe yalivyo. Kando ya shamba iko korona ya kuchambulia mkonge (si ugonjwa, watu wa Tanga mnanielewa) na nyuzi zake zimeanikwa kwenye waya. Kutoka korona hadi ghalani kuna vireli vya toroli. Vya kweli vilikuwa vya milimita 600, na kwenye meza yangu ni reli ya skeli ndogo iitwayo Z, milimita 6.5, ya kuonekana tu, haina umeme.

Nani alinifundisha kutazama hivi? Nitawaambia, ingawa kisa chenyewe bado kinaniuma. Miaka kadhaa nyuma nilijiandikisha kwenye maonyesho fulani ya kazi za mikono hapa mjini. Nilijaza fomu, nikalipa, nikakodi kirikuu kubeba meza. Msimamizi akaitupia jicho mara moja, akasema sehemu ya midoli iko kule mwisho, karibu na mabembea. Alisema hayo huku anachezea simu. Nikapangwa pembeni ya mtu wa maputo. Watoto wakashika kila kitu, mbuyu wangu wa waya na plasta ukang'olewa na shina lake, na mzazi mmoja akaniuliza kama ninauza.

Saa za jioni akaja mzee, koti limempauka, akasimama bila kusema kitu. Kumbe alikuwa stesheni masta mstaafu. Nikamwamkia, akaitikia, akainama mpaka pua ikakaribia paa. Nikadhani atasifia. Akaniuliza, "Mwanangu, ndoo za mchanga ziko wapi?" Ndoo nyekundu za kuzimia moto, zilizokuwa zinaning'inia ukutani. Halafu akaniuliza kengele iko wapi. Halafu benchi. Treni hakuitaja. Nikampigia tena baadaye, akanichorea kwenye daftari mahali pa kila kitu, mpaka mtungi wa maji ya kunywa ulipokuwa unawekwa.

Ndoo zile nimezitengeneza kwa mrija wa wino wa kalamu, umekatwa vipande vya milimita tatu na nusu, umepakwa nyekundu, na mpini wa uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa chaja mbovu. Hakuna anayeziona mpaka umwonyeshe. Lakini yule mjomba wa Mwanza aliyeapa kwamba amelala ghalani, nina hakika ni vitu vya aina hiyo vilivyomdanganya.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtaambiwa ni mchezo wa watoto. Mtaambiwa na msimamizi, na shemeji, na jirani anayetumia Jumapili nzima kutazama mpira wa nchi ambayo hajawahi kufika. Mwacheni aseme. Nyinyi tafuteni wazee wa reli wangali hai, kaeni nao, waamkieni vizuri, waulizeni ukutani kulikuwa na nini. Picha itakuonyesha jengo, ila haitakuambia mlango upi ulikuwa haufungwi.

Watu wa kwenye meza ni tatizo kidogo. Preiser wa Ujerumani anatengeneza watu wazuri wa 1:87, kimo kama sentimita mbili, lakini wengi wanakuja na makoti ya baridi na kofia za Ulaya. Chukua kisu kikali, punguza kofia, paka ngozi na nguo upya. Khanga nimeitoa kwenye karatasi nyembamba ya pipi yenye maua, imelowanishwa gundi na kuzungushwa kiunoni. Machungwa ya yule mama ni punje za ulezi zilizopakwa rangi. Sisimizi walizibeba baadhi kabla sijazipaka vanishi, kwa hiyo paka vanishi mapema.

Na treni? Haya. Ukishafika hapo ndipo ununue. Anza na kichwa kimoja kinachotumia umeme wa volti 12, na mabehewa uyajenge mwenyewe kwa kadibodi. Kabla ya kutembeza futa reli kwa kitambaa kilicholowanishwa spiriti, hasa nyinyi wa pwani, maana unyevu na vumbi vinatengeneza utando mweusi na treni inaanza kukwama kwenye kila kona. Mlima usizidi sentimita mbili kwa kila mita moja ya reli.

Kitu kimoja nawaomba. Baada ya Korogwe nataka kujenga Mombo, kama ilivyokuwa kabla ya 1977, wakati wa East African Railways na vichwa vya mvuke vya rangi ya damu ya mzee. Mwenye picha ya familia iliyopigwa pale stesheni, hata kama ni harusi na jengo limejificha nyuma ya watu, anitumie. Aniandikie pia waliosimama walikuwa wametazama upande gani, mlimani au relini, ili nijue kivuli kinaangukia wapi.