Chukua ya 2005, iache ya 2003

Dada, umesema umeonyeshwa iPod mbili kuukuu, vile vichezeo vya muziki vya Apple, hapo Kampala, ya 2003 na ya 2005, na unataka kumwekea mzee wako rumba zake kule Arua. Chukua ya 2005, yaani kizazi cha tano.

Ile ya 2003 inapendeza, vitufe vyake vinne vinawaka wekundu chini ya skrini, lakini kuichaji ni taabu. Kwa USB inapokea nyimbo tu. Chaji yake hupitia FireWire, aina nyingine ya kebo ya zamani, na chaja hiyo utaitafuta mpaka uchoke. Kuanzia 2004 tatizo hilo liliisha, tena vitufe vikahamia kwenye gurudumu lenyewe, lile la kuchagulia nyimbo. Kwa mzee hilo ni kubwa: ataruka wimbo kwa kupapasa tu, kifaa kikiwa mfukoni.

Kabla hujalipa, cheza nyimbo kadhaa huku umeiweka sikioni. Ndani mna diski inayozunguka. Mvumo mdogo ni kawaida, ila ukisikia inagonga tik, tik, tik, shusha bei sana au ondoka. Diski mbovu inaweza kutolewa na fundi, akaweka kadi ya kumbukumbu kwa adapta, na chaji ikadumu zaidi kwa kuwa hakuna tena kinachozunguka. Ndiyo maana sikushauri zile za kuanzia 2007: uso wao wa chuma umebanwa kwelikweli, kuufungua bila kuupinda ni kazi ngumu.

Halafu dai kebo ya pini 30, ile ya iPod yenye kichwa kipana, palepale dukani. Asikuuzie kifaa bila kebo.