Misuli ya Mama Yapungua: Je, Ni Uzee Tu?

Swali: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 72, ambaye ninaishi naye Kayole, hawezi tena kuinuka kitini bila kujishikilia, na mapaja yamekonda. Je, ni uzee tu?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Umri una sehemu yake, kwani misuli hupungua polepole tangu miaka ya 30 na kwa kasi zaidi baada ya 60, lakini kisukari, kulala kitandani kwa muda mrefu na mlo wa chai na mkate usio na protini ya kutosha huzidisha hali hiyo, sawa na kukaa kutwa, jambo linalonisikitisha hasa, kwa kuwa watoto wenye mapenzi mema huwakataza wazazi hata kufagia. Mpe maharagwe, ndengu, mayai au omena, na afanye zoezi la kuinuka na kuketi ukiwa karibu naye. Ikiwa amepungua uzito ghafla, mpeleke kwa daktari mapema.