Kupima chumvi zinazoyeyuka: Lamu, anza na maji

Kinachowapotosha wageni wengi wa maabara huku kwetu ni maji. Visima vingi vya kisiwani vina munyu, na maji yake yamebeba kloridi na ioni nyingine kabla hujatia chochote. Tia nitrati ya risasi humo: yanaweza kuwa meupe kama tui, nawe uandike kwamba haiyeyuki, ilhali nitrati zote huyeyuka. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa maji tena. Ukinunua maji ya betri, soma chupa vizuri, kwani nyingine ni asidi. Yajaribu kwanza: 2 ml, matone 3 ya nitrati ya fedha. Yakibaki maangavu, hayana kloridi ya kukusumbua; endelea.

Mimina 5 ml kwenye neli ya majaribio, tia chumvi kiasi cha punje ya mchele, ziba kwa kizibo (kidole hapana), kisha tikisa dakika moja nzima. Usijaze kijiko. Hata chumvi ya mezani, ambayo 100 ml za maji hubeba takriban 36 g, hukoma kuyeyuka ikizidi 1.8 g katika hizo 5 ml. Inayobaki chini haithibitishi kitu.

Maji yakichafuka usikimbilie kuandika. Chuja, dondosha tone kwenye kioo kisafi, na kando yake tone la maji matupu, uyakaushe yote. Alama nyeupe upande wa chumvi pekee ni dalili kwamba imeyeyuka japo kidogo. Salfeti ya kalsiamu ndivyo ilivyo. Tena rangi isikuchanganye: salfeti ya shaba huwa buluu, lakini ukiona hadi upande wa pili, imeyeyuka.

Kloridi ya risasi nayo inataka subira. Katika maji baridi, 100 ml hubeba kama 1 g tu. Yakichemka, zaidi ya 3 g. Pasha polepole, mdomo wa neli usimwelekee mtu, mashapo yapotee, kisha acha ipoe bila kuigusa. Vijisindano vyeupe vitaanza kuchomoza. Kwa hiyo andika daima jotoridi la maji yako. Neno "haiyeyuki" peke yake halitoshi.

Mabaki ya risasi na bariamu ni sumu. Yaweke kwenye chupa yenye kifuniko na lebo, umkabidhi mwalimu. Sinki hapana, maana mitaro ya mji huishia baharini.